Watoto 11, kilomita 40 na chupa moja ya chanjo: je, hesabu inalipa?

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu na mjumbe wa kamati ya zahanati ya kijiji chetu. Kila mwezi gari la halmashauri huenda kwenye kitongoji kilicho umbali wa kilomita 40 kuchanja watoto, na mwezi uliopita walichanjwa watoto 11 tu. Nikijumlisha mafuta na posho za wahudumu wawili, naona fedha hizo zingeinunulia zahanati dawa za kutosha siku kadhaa. Surua yenyewe sijaiona hapa kwa zaidi ya miaka 10. Tena mjukuu wangu alishikwa na degedege siku ya nane baada ya sindano ya miezi 9. Ninyi wataalamu mnapima faida na gharama za chanjo, au mnatuambia tu tuchanje?"

Jibu:

Shikamoo, Mwalimu. Nitaanza na mjukuu wako, kwa sababu mtu aliyemshuhudia mtoto akikakamaa mwili na kugeuza macho hawezi kusikiliza hesabu za mafuta kabla jambo hilo halijazungumzwa.

Kwa maelezo uliyoyatoa, uwezekano mkubwa ni kwamba degedege hiyo ilitokana na homa iliyoletwa na chanjo. Sindano ya surua na rubela anayopewa mtoto akiwa na miezi 9 ina virusi hai vilivyodhoofishwa, ambavyo huzaliana mwilini kwa siku kadhaa kabla kinga haijajengeka. Ndiyo maana homa yake haiji usiku uleule, bali huja kati ya siku ya 5 na ya 12, na siku ya nane imo humo. Watoto wengi huishia kwenye joto la kawaida au vipele vichache, lakini takribani mtoto 1 katika kila 3,000 homa humpanda hadi akapata degedege. Kwa kawaida hukoma yenyewe baada ya dakika chache na haimwachii mtoto ulemavu. Madhara mengine ni adimu zaidi: kupungua kwa chembe zinazogandisha damu hutokea takribani mara 1 katika dozi 30,000, na mzio mkali unaotishia uhai takribani mara 1 katika dozi milioni moja. Muuguzi aliyekwambia kuwa ni sadfa tu, kama yupo, alikusudia kukutuliza, lakini hakukutendea haki. Degedege ya mjukuu wako ni gharama, na katika daftari langu naiandika upande wa gharama kama ninavyoandika lita za dizeli.

Sasa tuutazame upande wa pili. Kosa linalofanyika mara nyingi, hata na watu waliosoma, ni kumlinganisha mtoto aliyechanjwa akapata homa na mtoto ambaye hakuchanjwa na yuko salama anacheza uani. Ulinganisho wa haki ni ule wa mtoto aliyechanjwa na mtoto aliyepata surua. Majirani zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo walitupa kipimo cha karibu mno. Kuanzia mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020 waliripotiwa huko wagonjwa takribani 310,000 wanaoshukiwa kuwa na surua, na zaidi ya 6,000 walifariki, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Hao ni karibu wawili katika kila mia. Katika kipindi hichohicho Ebola ilikuwa ikiua mashariki mwa nchi hiyo, na ulimwengu mzima ulikuwa ukiitazama, ingawa hadi ilipokoma ilikuwa imechukua watu wapatao 2,300. Surua haikuwa na wapiga picha. Waliopona nao hawakupona wote sawasawa, maana surua humwachia mtoto nimonia, kuhara na vidonda vya macho vinavyoweza kumpofusha, hasa mwenye upungufu wa vitamini A, na takribani mgonjwa 1 kati ya 1,000 huvimba ubongo. Virusi hivi pia hufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga ambayo mwili ulikwisha kuijenga dhidi ya maradhi mengine, kwa hiyo mtoto anayetoka kwenye surua hubaki dhaifu mbele ya vimelea ambavyo zamani alivimudu.

Kwa hiyo upande mmoja una degedege 1 katika 3,000, na upande wa pili una vifo 2 katika 100. Lakini najua hujaridhika, na hupaswi kuridhika, kwa sababu umesema jambo lenye uzito kuliko yote: surua yenyewe hujaiona kwa zaidi ya miaka 10. Ikiwa ugonjwa haupo, ile hatari ya 2 katika 100 inamhusu nani?

Hapo ndipo penye kiini cha suala. Tufanye hesabu ya darasani. Chukua kata ambako kila mwaka huzaliwa watoto 100, na 80 kati yao hupata dozi ya kwanza ya surua wakiwa na miezi 9. Katika umri huo dozi moja huwakinga takribani 85 katika 100, kwa hiyo 80 waliochanjwa wanatoa 68 wenye kinga. Wanaobaki bila kinga ni 32: ambao hawakufika 20, na ambao chanjo haikuwashika 12. Mwaka unaofuata wanaongezeka 32 wengine, na wa tatu vilevile. Baada ya miaka mitatu kata hiyo, ambayo kwenye ripoti inasomeka ina asilimia 80 na pengine imepigiwa makofi, ina watoto 96 wasio na kinga, idadi inayokaribia watoto wote wa mwaka mmoja mzima. Mgonjwa mmoja wa surua, akiwa kati ya watu wasio na kinga, huweza kuambukiza watu 12 hadi 18, na ndiyo sababu tunasema kinga ya jamii dhidi ya surua inahitaji takribani 95 katika kila 100. Katika kijiji kidogo virusi havikai, huishiwa na watu wa kuambukiza vikaondoka. Huko nyuma kuni kavu, yaani watoto wasio na kinga, huendelea kurundikana. Siku mtoto mmoja anapowasili na ugonjwa kutoka mnadani, machimboni au kwenye basi la usiku, wanaugua wote kwa pamoja.

Ukimya wa miaka 10 uliousikia, Mwalimu, unaweza kuwa na maana mbili zilizo mbalimbali kabisa: ama kuni hazipo, ama hakuna aliyewasha kiberiti. Kwa kutazama tu huwezi kuzitofautisha. Daftari la chanjo la zahanati ndilo linaloweza kukuambia, na nitarudi kwenye daftari hilo. Dozi ya pili, inayotolewa katika miezi 18, na kampeni za nchi nzima kama ile ya surua na rubela iliyofanyika Tanzania Februari 2024 kwa watoto wa miezi 9 hadi 59, zimewekwa ili kuwazoa wale 32 wa kila mwaka kabla hawajawa 96.

Tuje kwenye fedha. Watu wengi wakisikia gharama ya chanjo hufikiria bei ya dawa iliyomo kwenye chupa, kumbe kwa surua hiyo ndiyo sehemu ndogo. Kupitia ununuzi wa pamoja wa UNICEF dozi moja ya surua na rubela haifiki dola 1. Kinachogharimu ni safari: jokofu linalolinda nyuzi 2 hadi 8 tangu bohari hadi kijijini, gesi au sola ya kuliendesha, mafuta, posho, na siku nzima ya shamba anayoipoteza mama anayemleta mtoto. Hiyo ya mwisho haimo kwenye bajeti ya halmashauri, lakini mchumi wa afya anayejua kazi yake huihesabu, kwa sababu kuna mtu anailipa.

Nikupe mfano nilioushuhudia mwenyewe, katika zahanati ambayo sitaitaja. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mama alikuwa amefika na mtoto wa miezi 9 mgongoni, miguu imejaa vumbi hadi kwenye magoti. Muuguzi alifungua jokofu, akaitazama chupa ya surua, akatoka kibarazani kuhesabu watoto wa miezi 9 na 18 waliokuwepo, akapata watatu. Chupa hiyo ina dozi 10. Ni unga unaochanganywa na maji yake maalumu, na ukishachanganywa lazima utumike ndani ya saa 6, kinachobaki kinamwagwa. Muuguzi aliogopa kuulizwa mwishoni mwa mwezi kwa nini dozi 7 zimemwagwa, akamwambia mama arudi Alhamisi, siku ambayo watoto huwa wengi. Mama alikunja kadi ya kliniki, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaondoka. Nilimfuatilia kwenye rejista baadaye: Alhamisi hiyo hakuja.

Tazama hesabu iliyofanyika kibarazani pale bila mtu kuiita hesabu. Upande mmoja palikuwa na dozi 7, ambazo kwa bei niliyoitaja hazifiki dola 7. Upande wa pili palikuwa na watoto watatu, mmoja wao akiwa ametembea tangu alfajiri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi kwamba chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Muuguzi hakuwa mzembe. Mfumo ulimfundisha kwamba chupa iliyomwagwa huonekana kwenye ripoti, na mtoto aliyerudishwa nyumbani haonekani popote. Iwapo kamati yako inatafuta mahali pa kuokoa fedha, basi ianzie hapo, kwa sababu mtoto aliyekuja mwenyewe zahanati akarudishwa ndiye huyohuyo mtakayemfuata baadaye kwa gari.

Kuhusu kilomita 40 na watoto 11. Utaambiwa kwamba utafiti uliochapishwa 2016 kuhusu nchi 94 za kipato cha chini na cha kati ulikadiria kuwa kila dola 1 inayowekwa kwenye chanjo hurudisha dola 16 kwa kuhesabu matibabu na nguvukazi iliyookolewa, na dola 44 ikihesabiwa thamani pana ya maisha marefu yenye afya. Namba hizo nazikubali, lakini nisingekushauri uzitumie kwenye kikao chako. Ni wastani, na wastani haukwambii lolote kuhusu mtoto wa mwisho. Mtoto anayeishi jirani na zahanati ni rahisi kumchanja, na wa kilomita 40 ni ghali pengine mara kumi. Ila huyo wa mbali ndiye anayeishi pasipo na daktari wa kumtibu nimonia na pasipo na gari la kumkimbiza. Kwa kawaida majirani zake nao hawakuchanjwa. Hatari yake ya kufa kwa surua si sawa na ya mtoto wa mjini, kwa hiyo gharama inapanda pamoja na faida, na mara nyingi faida hupanda zaidi.

Hoja yako ya dawa bado inasimama, na sitaki kuipita. Shilingi iliyokwenda kwenye dizeli haikununua dawa ya kuua vijidudu wala vipimo vya malaria. Jibu langu ni kwamba safari ya watoto 11 inayobeba chanjo peke yake ni safari ya ghali isiyo ya lazima. Huduma ya mkoba ikipangwa vizuri, gari lilelile hubeba matone ya vitamini A, dawa za minyoo, mizani ya kupima uzito, vipimo vya malaria na muuguzi wa kuwahudumia wajawazito, na gharama ya kilomita 40 hugawanywa kwa watu 60 badala ya 11. Sehemu nyingine safari ya kila miezi miwili iliyotangazwa mapema imevuta watoto wengi kuliko ya kila mwezi isiyojulikana siku yake. Jambo hilo kamati inaweza kulijadili na mganga mkuu wa wilaya bila kugusa hata shilingi moja ya chanjo.

Umeuliza pia kama wataalamu tunapima au tunasema tu "chanjeni". Tunapima, na kuna wakati mizani imekataa. Mwaka 1999 chanjo ya kwanza ya virusi vya rota, vinavyoharisha watoto, iliyokuwa ikitumika Marekani iliondolewa sokoni, baada ya kugundulika kwamba takribani mtoto 1 katika 10,000 utumbo wake ulijiingiza ndani ya utumbo ukaziba. Kule ambako mtoto mwenye kuhara huwekewa dripu ndani ya saa moja, uamuzi ule ulikuwa wa haki. Kwetu, ambako kuhara kuliua watoto kwa maelfu, uamuzi uleule ulizua mjadala mkali wa kimaadili, na ilibidi kusubiri miaka mpaka zikaja chanjo mpya. Chanjo iliyoanza kutolewa Tanzania mwishoni mwa 2012 ilifuatiliwa katika nchi saba za Afrika, yetu ikiwemo, na ongezeko la tatizo lile la utumbo halikuonekana.

Matone ya polio yanafundisha zaidi. Yana virusi hai vilivyodhoofishwa, ni nafuu, na hayahitaji sindano. Kwa nadra, takribani mara moja katika dozi za kwanza milioni 2 hadi 3, humpooza mtoto aliyepewa, na pale ambapo wengi hawakuchanjwa, virusi vya chanjo vinaweza kuzunguka kwa muda mrefu mpaka vikarudisha ukali wake. Marekani iliacha matone mwaka 2000 ikabaki na sindano, kwa sababu polio ya asili ilikuwa imekwisha kwao na waliokuwa wakipooza walipoozwa na matone. Afrika isingeweza kufanya hivyo mwaka ule, wakati polio ya asili bado ilikuwa ikipooza watoto wetu. Agosti 2020 kanda ya Afrika ilithibitishwa kuwa haina tena polio ya asili. Februari 2022 kirusi chenye asili ya Pakistan kikaibuka Lilongwe nchini Malawi. Na 2023 virusi vilivyotokana na chanjo vikathibitishwa kwetu, mkoani Rukwa. Ndiyo maana mtoto wetu sasa hupata vyote viwili, matone na sindano ya wiki 14. Chanjo ni ileile, ila mizani hutoa jibu tofauti kwa kadiri ya mahali na wakati.

Hata chanjo mpya ya malaria imepimwa kwa ugumu huohuo. Ile ya kwanza, iliyojaribiwa pia kwa watoto wa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi, ilipunguza matukio ya malaria kwa takribani asilimia 36 tu katika miaka minne, tena kwa dozi nne. Ukiipeleka mahali penye malaria kidogo utakuwa unatupa fedha. Kenya ilipoianza 2019 iliipeleka kaunti za magharibi, kuzunguka Ziwa Victoria, ambako mtoto mmoja huugua mara nyingi kwa mwaka, na huko kupunguza theluthi moja tu ya mzigo mkubwa ni kuokoa watoto wengi. Nikilinganisha na surua, ambayo chanjo yake ni nafuu, hukinga karibu kila anayepata dozi mbili na huzuia ugonjwa unaoambukiza kuliko karibu yote tunayoyajua, sioni chanjo nyingine ya mtoto ambayo ningeikata baadaye kuliko hiyo.

Neno moja kuhusu makosa ya kibinadamu, maana nayo ni gharama. Julai 2018 huko Samoa watoto wawili walifariki dakika chache baada ya sindano, kwa sababu unga wa chanjo ulichanganywa na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake. Chanjo haikuwa na hatia, lakini huduma ilisitishwa kwa miezi mingi na wazazi wakaogopa. Mwaka uliofuata surua iliingia katika nchi hiyo yenye watu wapatao 200,000, ikaugusa umati wa zaidi ya 5,700 na kuua 83, wengi wao watoto wadogo. Kwa hiyo mhudumu anapokaa na mzazi robo saa kumweleza ukweli kuhusu homa na degedege, muda huo uhesabiwe kuwa sehemu ya chanjo yenyewe, kama ilivyo bomba la sindano.

Kwa kikao kijacho, omba daftari la chanjo la miaka mitatu, si asilimia ya mwezi uliopita. Andika watoto waliozaliwa katika kitongoji kile, waliopata dozi ya miezi 9 na waliopata ya miezi 18, kisha zidisha dozi za kwanza kwa 0.85 na utoe jibu kwenye idadi ya waliozaliwa, kama tulivyofanya juu. Wasio na kinga wakikaribia idadi ya watoto wanaozaliwa kwa mwaka mmoja, basi safari zile za watoto 11 kwa mwezi hazitoshi na mganga mkuu aambiwe mapema. Ukiwakuta ni wachache sana, unayo hoja ya kupunguza safari, nami nitaiunga mkono.

Mjukuu wako akifikisha miezi 18 apate dozi ya pili. Degedege ya homa iliyopita bila kuacha athari haimzuii. Mama yake amwambie muuguzi kilichotokea mara ya kwanza, iandikwe kwenye kadi, na nyumbani pawepo parasetamo ya maji kwa kipimo cha uzito wake kuanzia siku ya tano, ya kumpa joto likipanda. Ila kama tangu siku ile amepata degedege bila homa, au mnaona amerudi nyuma katika kutembea na kuongea, aonwe kwanza na daktari wa watoto kabla ya sindano.